Krismasi ya 2020 Wundanyi na wajukuu watatu: meza mbili, ua mmoja

Mwalimu wa Zamani (mleta uzi), Jumamosi, 9 Januari 2021

Wanajamvi, nawasalimu nyote na kuwatakia heri ya mwaka mpya. Mwezi wa Novemba, tulipokuwa tukibishana hapa kuhusu nani asafiri na nani abaki Nairobi kwa sababu ya korona, niliahidi kwamba nikienda nyumbani na kurudi salama nitaeleza jinsi mambo yalivyokuwa, pamoja na yale tuliyoyakosea. Tulirudi Jumamosi tarehe 2, wajukuu wakaingia shuleni Jumatatu tarehe 4 baada ya kukaa nyumbani tangu katikati ya Machi, na kwa kuwa juma zima limepita bila yeyote kati yetu kukohoa, naona sasa naweza kuitimiza ahadi.

Nyumbani kwetu ni Wundanyi, katika Milima ya Taita. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo ulio juu ya Mwatate, ambako barabara hupanda kwa kona zinazomfanya dereva mgeni akatishe mazungumzo. Una soko, maduka ya mstari mmoja au miwili, ofisi zilizobaki tangu enzi za makao makuu ya wilaya, na ukungu unaoshuka jioni hadi usimwone mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa Voi, na nyingine zinazofika hadi Mombasa, hulimwa kwenye matuta ya milima hiyo. Marehemu mama alituachia nyumba ya mawe pale, yenye veranda ndefu mbele na chumba cha nje ambacho zamani kilikuwa cha wavulana. Ikumbukeni veranda hiyo, maana habari yote inaizunguka.

Mimi nina miaka 68 na nina ugonjwa wa sukari. Mke wangu ana miaka 64 na afya yake inaishinda yangu. Binti yetu anaishi Kahawa West pamoja na mumewe na watoto watatu: msichana wa miaka 12 aliye darasa la sita, mvulana wa miaka 9 aliye gredi ya tatu, na kitindamimba wa kike wa miaka minne. Watoto hao walikaa miezi tisa katika nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, wakifuatilia masomo redioni pale umeme ulipokuwapo, na mwenye jengo alikuwa amefunga mlango wa paa walikozoea kuchezea kati ya nguo zilizoanikwa. Mdogo alijifunza kuruka kamba kwenye ngazi. Sisi tulio Buruburu tulikuwa tukiwaona kwenye simu tu, na mara mbili tulisimama chini ya jengo lao tukawapungia mikono kama watu wanaosindikiza meli.

Mwaka wowote mwingine tungefanya kama wafanyavyo wengi: tungefika tarehe 24 usiku, tungekuta watu arobaini uani, tungepika, tungekula, tungepiga picha, na tarehe 27 tungerudi Nairobi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Nimekuwa babu kwa miaka 12, lakini nikizihesabu siku nilizokaa na wajukuu wangu bila umati, nina hakika hazifiki mwezi mmoja.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi na mke wangu tulitangulia tarehe 28 Novemba. Binti akawaleta watoto Jumamosi, tarehe 12 Desemba. Mumewe hufanya kazi ghalani huko Industrial Area, hukutana na watu kutwa, na hakuweza kupata likizo hadi tarehe 23. Kwa sababu hiyo hatukujidanganya kwamba watoto walikuwa wamejitenga Nairobi. Tulianza kuhesabu siku 14 tangu waliposhuka kwenye treni, na hesabu hiyo ilikuwa iishie tarehe 26 Desemba. Mmesoma vyema: siku moja baada ya Krismasi. Binti yangu aliomba tupunguze ziwe 12 nami nikakataa, nikaonekana mzee mkaidi. Kuwapima wote katika hospitali ya kibinafsi kungegharimu maelfu ya shilingi kwa kila mmoja, na cheti hicho kingetuambia hali yao ya siku ile ya kupimwa, si ya siku iliyofuata.

Walisafiri kwa treni ya asubuhi ile inayosimama katika vituo vya njiani. Kituoni walipimwa joto, wakanawa mikono, na behewani viti vingine viliachwa wazi. Binti ananiambia kwamba baada ya Mtito Andei watoto walibandika paji la uso kwenye kioo na hawakuling'oa hadi Voi, kwa sababu waliona ndovu, na mdogo akataka kujua ni nani aliyewapaka rangi nyekundu. Dadake akamweleza kwamba ni udongo wa Tsavo ambao ndovu hujirushia mgongoni. Tatizo lilikuwa matatu ya kutoka Voi. Sheria ilikuwa bado inataka gari la abiria 14 libebe wanane, na nauli ilikuwa imepandishwa kwa sababu hiyo, lakini kondakta alijaza viti vyote mara tu walipopita kizuizi cha polisi. Binti akaomba kushushwa na watoto na mizigo kando ya barabara, juani, akasubiri gari jingine na kulilipia lote. Anayepanga safari ya namna hii na atenge fedha hizo tangu mwanzo.

Nyumbani tulikuwa tumefunga kamba ya katani katikati ya veranda. Upande wa kushoto ulikuwa wa binti na watoto, wenye vyumba viwili na mlango wake. Upande wa kulia ulikuwa wetu. Uani tuliweka meza mbili, na kati yake hatua nne zangu, ambazo ni zaidi ya mita mbili. Kula kulikuwa nje, mvua isiponyesha, na iliponyesha kila upande ulikula mahali pake.

Kanuni hiyo ilivunjika siku ya tatu, mnamo saa nne asubuhi. Mdogo alikuwa akimfukuza kuku, akajikwaa kwenye jiwe la kufulia nguo, goti likachanika, akainuka akilia na kukimbia moja kwa moja hadi kwa nyanya yake, akipita chini ya kamba bila hata kuinama. Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini na kumpakata. Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo yangu, nikafungua kinywa, naye akanitazama na kusema, "Nimeshamshika." Jioni ile alihamisha godoro lake na kanga zake upande wa kushoto wa kamba, kwa sababu aliona kwamba kama kuna lililompata limeshampata, na kwamba mwenye sukari ni mimi, si yeye. Tangu siku hiyo hadi tarehe 26 upande wa kulia wa veranda ulikuwa na mtu mmoja.

Nitaendelea baadaye. Naona mke wangu ananiita chai.

Mama Kayole, 9 Januari 2021

Mwalimu, nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Mama alifanya alichopaswa kufanya. Mimi nilibaki Kayole na wajukuu wangu wawili, kwa kuwa wazazi wao walikwenda magharibi kuzika. Mtaa ulikuwa umepoa, maduka mengi yamefungwa, na siku ya Krismasi watoto walicheza mpira barabarani mahali ambapo siku nyingine zote hupita matatu. Nilipika chapati tangu alfajiri, tukazila na kuku, tukatazama runinga. Haikuwa mbaya, lakini jioni mkubwa aliniuliza kama Krismasi imeshakwisha au bado haijaanza, nikakosa jibu. Tafadhali endelea.

Mlinzi wa Mlango, 10 Januari 2021

Mzee wangu, nakuheshimu, na kwa hiyo nitasema wazi. Mipaka ya Nairobi ilipofunguliwa tarehe 7 Julai, jamaa zangu walikimbilia kijijini wakiwa na furaha kama yako, na kabla ya Agosti kwisha tulikuwa tumemzika shangazi yangu. Hakuna anayeweza kuthibitisha nani alimpelekea ugonjwa, na sitaki kujua, lakini tangu wakati huo sielewi kwa nini mtu wa mjini aone kwamba hamu yake ya kula pilau na jamaa ina uzito kuliko pumzi ya mzee asiye na daktari karibu. Serikali iliwasihi watu mara kwa mara wasiwapelekee wazazi wao ugonjwa. Wewe mwenyewe unakiri kwamba kamba yenu ilidumu siku tatu. Unakiri una sukari. Isitoshe, Desemba hiyo wauguzi na matabibu walikuwa wamegoma tangu tarehe 7, na madaktari wa hospitali za umma wakaanza mgomo wao tarehe 21. Je, kama ungelemewa usiku na kukosa pumzi, ungepelekwa wapi kutoka juu ya mlima ule? Na majirani zako je, walikuwa na kamba yao?

Mwalimu wa Zamani, 10 Januari 2021

Ndugu Mlinzi, pole sana kwa msiba wa shangazi. Sitajibu kwa kujitetea.

Kuhusu majirani nina la kusema. Wazee wa nyumba ile ni sisi wenyewe. Hatukumfuata mzee mwingine. Hakuna jirani aliyeingia uani kwetu kwa majuma matano, na tulikwenda sokoni mara chache, mimi au mke wangu kabla hajahamia kushoto, asubuhi mapema kabla ya watu kujaa, tukiwa na barakoa. Yupo mzee mmoja aliyepita miaka 80, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye shamba lake limepakana na letu. Kila siku alikuja kwenye ua wa minyaa naye akasimama kwake nami kwangu, tukazungumza. Sikumpa mkono siku niliyofika, wala siku ya kuaga. Kwetu mtu kuondoka bila kumpa mkono rafiki wa baba yake ni jambo litakalosemwa hadi kwenye matanga yake, na nililibeba.

Kuhusu mgomo sina jibu zuri. Nilikuwa na namba ya simu ya dereva mmoja aliyekubali kuamshwa saa yoyote ili atufikishe Voi, na nilikuwa na kadi yangu ya bima. Zaidi ya hayo hatukuwa na mpango wa maana. Usiku wa tarehe 21, niliposikia redioni kwamba madaktari nao wameweka kalamu chini, nilikaa kitandani nikijipima pumzi kwa kuhesabu, moja hadi thelathini bila kupumua, kama mtoto anayecheza. Madaktari walisitisha mgomo wao siku ya mkesha, lakini wauguzi waliendelea. Tulikuwa na bahati, na bahati si hoja. Hilo nakupa.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikukubaliani nawe. Umeandika kana kwamba kilichokuwa upande mmoja wa mizani ni pilau. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 36. Siku ya tano, nikiwa nimeketi peke yangu upande wangu wa kamba, nilimtazama mjukuu wangu wa kiume akichora mlima, na nikagundua kwamba anatumia mkono wa kushoto. Miaka tisa! Nimewafundisha mamia ya watoto kushika kalamu, na sikujua mjukuu wangu hushika kwa mkono upi, kwa sababu kila nilipomwona kulikuwa na umati, sahani mikononi, na mtu akiniita nikapigwe picha. Nilimuuliza kama mwalimu wake humsumbua kwa hilo. Akasema mmoja alimsumbua, lakini shule zikafungwa.

Muuguzi Zamu ya Usiku, 10 Januari 2021

Mimi ni mmoja wa waliogoma, na niliipokea Krismasi Nairobi, mbali na watoto wangu walio kwa mama yangu. Naomba tusigeuze uzi huu kuwa wa mgomo. Tulidai vifaa vya kujikinga na bima kwa sababu wenzetu walikuwa wakifa.

Ninachotaka kusema ni kuhusu kamba. Mlinzi anaiona kama mlango ambao ukifunguliwa mara moja hauna maana tena. Ugonjwa huu haupimwi hivyo. Unaenezwa zaidi kwa pumzi, mahali palipofungwa, kwa muda mrefu, watu wakiwa karibu, wakizungumza au kuimba. Nyanya aliyempakata mtoto uani kwa dakika kumi, upepo ukivuma, hakufanya jambo sawa na la kulala naye chumba kimoja dirisha likiwa limefungwa. Kosa, kama mnataka kulitafuta, ni kuhamisha godoro, lakini hata hilo alilifanya kwa hesabu: alimwondolea mwenye sukari hatari ya kulala karibu na mtu aliyekwisha kugusana na watoto. Wengi wanaougua huonyesha dalili kati ya siku ya nne na ya sita, na siku 14 ndizo tunazotumia ili tusiwaache wale wanaochelewa. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa na haki ya kukataa siku 12, ingawa najua jinsi binti yake alivyomwona.

Mkazi wa Kitale, 11 Januari 2021

Sisi tulio katika miji midogo mwaka mzima tunasoma mabishano yenu kwa namna yetu. Mnasema mnatuletea ugonjwa, na ni kweli mwaweza kutuletea, lakini pia mlituletea watoto ambao hawajui kwamba maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto. Wajukuu wangu wa Roysambu walikaa nasi tangu Oktoba. Wa miaka sita alikataa kuyanywa, akasema yameharibika kwa sababu ni ya moto. Mwalimu, umesahau kutuambia Krismasi yenyewe. Hamkwenda kanisani? Wageni mliwafanyaje? Kwetu huwezi kumfungia mgeni lango siku hiyo.

Mwalimu wa Zamani, 12 Januari 2021

Nimechelewa kwa kuwa nilikwenda kliniki ya sukari. Sasa niwaeleze Krismasi, lakini lazima nianze siku nne kabla yake.

Jumatatu tarehe 21 Desemba ndiyo siku ambayo sayari za Mshtarii na Zohali zilionekana kukaribiana mno angani, kiasi ambacho hazikuwa zimekaribiana tangu 1623. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo na kuwaahidi watoto, bila kukumbuka ukungu wa Wundanyi. Saa kumi na mbili na nusu jioni hakuna kilichoonekana isipokuwa weupe. Mdogo akasema babu amedanganya. Kisha, kama robo saa baada ya saa moja, upepo ukatoka upande wa bonde, ukungu ukapasuka, nusu mwezi ukawa utosini, na upande wa magharibi, juu kidogo ya bega la mlima, zikaonekana mbili pamoja, moja kubwa inayong'aa na nyingine hafifu ikiwa imejibanza ubavuni mwake. Wao walisimama upande wao nami upande wangu. Nilielekeza kwa fimbo. Msichana wa miaka 12, ambaye tangu afike alikuwa akiogopa giza hata akaomba asindikizwe chooni, alitoka hadi mwisho wa ua peke yake ili mwanga wa dirishani usimzuie kuona, akakaa huko mpaka zilipozama. Nairobi tungeyakosa hayo, kwa sababu ya ghorofa na taa za barabarani. Nilipoingia ndani nikafungua redio, nikapata habari ya mgomo niliyoitaja juu.

Mkwe wangu alifika tarehe 23 akalala chumba cha nje. Kwa siku kumi alizokaa alikula kwenye kigoda mbali na meza zote mbili, na sikumsikia akilalamika hata siku moja, ingawa kitindamimba wake alimpungia mkono kila asubuhi kama mpita njia. Wakati wa mazungumzo yetu kuhusu nani alijitolea nini mwaka huu, sijasikia watu wakiwataja akina baba wa namna hii.

Kanisani hatukwenda. Makanisa yalipofunguliwa Julai, sisi tuliopita miaka 58 na watoto walio chini ya miaka 13 tulitakiwa kubaki nyumbani. Baadaye masharti yalilegezwa, lakini nyumba yetu ilikuwa na watu wa makundi hayo mawili karibu pekee. Ibada ya usiku wa mkesha nayo haikuwezekana, kwa kuwa kafyu ilianza saa nne usiku. Asubuhi ya Krismasi tuliketi uani, msichana akasoma habari za kuzaliwa kwa Yesu, na tuliimba tenzi za kwetu kwa Kidawida, ambazo watoto hawazijui, wakafuatisha sauti bila maneno. Mti ulikuwa tawi la msonobari lililopandwa ndani ya debe la mchanga, limebandikwa pamba ya dukani iwe theluji. Kwa nini mti wa Taita uwe na theluji sijui, lakini mdogo alishikilia, na pamba ikalowa ukungu, ikaning'inia kama ndevu.

Sasa wageni. Mkazi wa Kitale ameuliza swali lililotunyima usingizi. Tulituma ujumbe kwa jamaa wote kwamba mwaka huu hakuna kukusanyika, na tulijua watakuja. Mke wangu ndiye aliyepata njia. Alipika pilau sufuria mbili na kimanga cha muhogo na maharagwe, akakata majani ya mgomba, akayapitisha motoni yalainike, na kila aliyefika langoni akapewa furushi lake limefungwa kwa ukambaa. Jani halirudishwi, kwa hiyo hapakuwa na sahani ya kuoshwa wala kisingizio cha kuingia ndani. Watu walisimama barabarani, wakala au wakabeba, wakapaza sauti zao juu ya ua. Shemeji yangu mmoja alikasirika. Alisema hajawahi kulishwa langoni kama mbwa, akaondoka bila furushi. Mke wangu alimtumia mtoto wa jirani amfuate nalo. Shemeji alilipokea, lakini hadi leo hajapiga simu.

Langoni tulihitaji maji ya kunawa, na hiyo ilikuwa kazi ya mjukuu wa kiume. Mnakumbuka yule mtoto wa miaka 9 wa Bungoma aliyetunukiwa na Rais mwezi wa Juni kwa kutengeneza kifaa cha mbao cha kunawia mikono? Mjukuu wangu ana umri huo huo na habari hiyo ilikuwa imemchoma tangu siku hiyo, lakini katika ghorofa ya tatu angetengeneza nini na kukiweka wapi? Kule alipata mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano, akautoboa kwa msumari niliomchomea motoni na kumwachia juu ya jiwe, akasimamisha miti miwili yenye panda, akalaza wa tatu juu yake, akauning'iniza mtungi, na kamba ya katani ikashuka hadi kijiti cha kukanyagia. Mara ya kwanza ulipindukia mbele ukamwaga maji yote miguuni pake. Mara ya pili kamba ilikatika. Mara ya tatu alifunga fundo ambalo sijapata kuliona, kwa kuwa alilifunga kwa mkono wa kushoto na lilizunguka kinyume, na kibuyu chirizi hicho kikanawisha watu wasiopungua hamsini siku ile.

Tarehe 26 asubuhi nilinyoa ndevu. Nilikata kamba ya veranda kwa kisu mbele yao wote, nikaketi kwenye kiti changu, nikafungua mikono. Mkubwa akaja, wa pili akaja. Mdogo akasimama mbele yangu akinitazama kwa makini, kisha akakunja mkono wake na kunipa kiwiko. Ana miaka minne. Salamu nyingi anazozikumbuka ni za viwiko. Nikampa changu. Akaridhika, akaenda kumpa kuku.

Mama Kayole, 12 Januari 2021

Nimesoma mara mbili. Ya jani la mgomba nimeichukua.

Mlinzi wa Mlango, 13 Januari 2021

Mzee, bado naona mlijihatarisha. Lakini nimempigia simu mwanangu usiku nikamuuliza mjukuu wangu huandika kwa mkono gani. Hakujua mara moja, alikwenda kumtazama.

Mwalimu wa Zamani, 10 Aprili 2021

Narudi kwenye uzi huu kwa sababu baadhi yenu mmeniuliza faraghani kama tulikwenda nyumbani kwa Pasaka. Hatukwenda. Kama mjuavyo, tangu 26 Machi hakuna kuingia wala kutoka katika eneo la Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, na kafyu yetu imerudishwa hadi saa mbili usiku. Juma lililopita nilichanjwa sindano ya kwanza. Mkono uliuma siku mbili. Mke wangu alichanjwa siku hiyo hiyo na hakuumwa chochote, kama kawaida yake.

Jana yule rafiki wa marehemu baba alipiga simu kwa kutumia simu ya mjukuu wake. Alisema mbuzi ameitafuna kamba ya kibuyu chirizi, mtungi umelala chini, lakini miti bado imesimama, naye angependa kuutumia hapo langoni kwa kuwa wapita njia walikuwa wameuzoea. Amejaribu kuufunga mara kadhaa na kila mara unapinduka. Nikamuunganisha na Kahawa West. Mjukuu wangu alikuwa akila. Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Alimwamkia mzee kwa Kidawida alichofundishwa Desemba, kisha akaanza kumwelekeza: kamba ipite juu ya mti kwanza, babu, si chini, halafu izungushe upande wa kushoto. Mzee akauliza kushoto kwake au kwa mtungi. Kimya kikapita. Mtoto akasema, "Subiri kidogo, babu, nisimame kama ulivyosimama wewe."

Walizungumza karibu nusu saa. Muda wa maongezi ulikuwa wangu, na haukutosha. Mzee ameahidi kupiga tena leo jioni ukungu utakapoondoka, aone anachokifunga.